Ngozi kubambuka baada ya kuungua na jua: kinachotoka ni nini, na chini yake kunaendelea nini?

#1 – Mleta uzi

Salaam wanajukwaa. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda leo aweke alama arudi kesho.

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alishinda kwenye mashua kifua wazi toka asubuhi mpaka alasiri. Anga lilikuwa na mawingu mepesi na upepo ulikuwa unapuliza. Kwa maneno yake mwenyewe, alisikia baridi kuliko joto. Akarudi mzima, akala, akaoga, akalala. Usiku wa manane akaamka mabega yanafukuta, hata shuka hawezi kuivumilia. Siku ya nne ngozi ikaanza kubambuka, na siku ya tano akaja kwangu, kwa kuwa mimi ni muuguzi na miaka mingi ya kazi yangu imepita kwenye chumba cha kufungia vidonda. Alikuja na kipande cha ngozi yake kakifunga kwenye karatasi. "Mjomba," akasema, "hii ni ngozi yangu kweli? Na nikiitoa yote leo si nitapona haraka?"

Nikakichukua kile kipande nikakiinua dirishani. Kilikuwa chembamba kama utando wa kitunguu, kijivu kilichopauka, mwanga unapita. Ukikazia macho unaona mistari midogo inayokatana kama wavu, na ndani ya wavu vitundu vidogo sana, kila kimoja ni mahali unywele ulipopenyea. Bega lake lote lilikuwa limechorwa mle. Lakini hakikuwa na damu wala unyevu wowote. Nikamwambia kaa chini, usivute tena hata kidogo, nikueleze. Nilichomweleza ndicho naweka hapa, kwa kirefu zaidi.

Kwanza tujue ngozi nzima inaishije. Tabaka la juu la ngozi, epidemisi, sehemu kubwa ya mwili lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye kope ni jembamba zaidi, kwenye viganja na nyayo ni nene mara nyingi. Chini kabisa ya tabaka hilo kuna safu ya seli ambazo kazi yake ni kugawanyika. Seli ikizaliwa pale inasukumwa juu na zinazozaliwa nyuma yake. Njiani inajaa protini ya keratini, inabapa, inapoteza kiini, inakufa, na inafika juu ikiwa kigae kikavu. Vigae hivyo vimelaliana tabaka 15 hadi 20 hivi, na ndivyo unavyogusa unapogusa ngozi ya mwenzako. Safari yote, toka kuzaliwa chini hadi kudondoka, inachukua takriban wiki nne kwa kijana, na umri ukienda inachelewa.

Kwa hiyo sote tunabambuka kila siku, ila hatuoni. Kati ya kigae na kigae kuna vifungo vya protini, na vigae vikikaribia juu kuna vimeng'enya vinavyovikata vile vifungo taratibu, vinatoka kimoja kimoja. Ule unga mweupe unaouona ukikuna mguu mkavu ndio huo. Ngozi kutoka basi ni jambo la kila siku. La kuuliza ni kwa nini safari hii imetoka kama karatasi.

Hapo linaingia jua, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndipo watu wengi wanapoumizwa. Jua haliunguzi ngozi kwa joto lake. Linaunguza kwa miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni na ngozi haiihisi. Johann Ritter aliigundua mwaka 1801 alipoona chumvi ya fedha inageuka nyeusi pembeni ya rangi ya zambarau, mahali ambapo kwa macho hapana mwanga wowote. Mwaka 1820 daktari wa Uingereza, Everard Home, akaanika mikono yake juani, mmoja wazi na mwingine kaufunika kitambaa cheusi. Kipimajoto kilionyesha chini ya kitambaa ndiko kwenye joto zaidi, lakini mkono ulioungua ni ule uliokuwa wazi. Nalipenda sana jaribio hili kwa sababu linamaliza ubishi mzima kwa kitambaa kimoja.

Sasa mrudie mpwa wangu kwenye mashua. Upepo ulimwondolea joto, miale ikabaki palepale. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Povu la bahari linairudisha kama asilimia 25, kwa hiyo alikuwa anapigwa toka juu na kutoka pembeni. Hata angejitosa majini, nusu mita chini bado kuna kama asilimia 40 ya miale iliyoko juu.

Ikifika kwenye ngozi inafanya nini? Miale inayounguza zaidi ni ya kundi B, mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, na nyingi inaishia kwenye epidemisi. Ya kundi A, nanomita 315 hadi 400, inazama mpaka kwenye demisi iliyo chini, na ndiyo inayochangia zaidi ngozi kukunjamana na kuzeeka. Mwale wa B ukimezwa na DNA, yaani uzi pacha wenye maelekezo ya urithi ndani ya seli, unaunganisha herufi mbili (vijenzi vya DNA) zilizo jirani kwenye uzi mmoja, mara nyingi thimini na thimini. Chukua ngazi: vipande viwili vya kukanyagia vilivyopaswa kushika upande wa pili vimegeuka vikashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Ngazi imepinda pale. Mashine ya kunakili DNA ikifika hapo inakwama, au inakosea.

Seli si kwamba inakaa tu. Ina mafundi wake, protini zinazopita kwenye uzi, zikikuta mpindo zinakata kipande kile na kujaza kipya kwa kufuata upande mzima. Aziz Sancar ni mmoja wa waliofafanua kazi hii hatua kwa hatua, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich kwa utafiti wa namna DNA inavyokarabatiwa. Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye mafundi hawa, ugonjwa unaitwa zeroderma pigmentosamu, na hupata saratani za ngozi tangu utotoni. Ndivyo tunavyojua kwamba ukarabati huo si wa hiari, unatuweka hai.

Mipindo ikiwa michache, seli inatengenezwa na maisha yanaendelea. Ikiwa mingi mno, kuna protini inaitwa p53 ambayo inasimamisha seli isigawanyike, na ikionekana haitengenezeki, inaielekeza seli ijiue. Ukiitazama ngozi iliyoungua kwa darubini unaziona seli hizo: zimesinyaa, kiini kimejikunja na kuwa cheusi, zimejitenga na jirani zake. Zinaanza kuonekana ndani ya saa chache na huwa nyingi zaidi siku ya kwanza na ya pili.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi. Nyingi ya seli zile zingeweza kuendelea kuishi siku kadhaa. Zimejiua ili DNA mbovu isirithiwe na seli mpya, maana seli yenye DNA mbovu inayoendelea kugawanyika ndiyo mwanzo wa saratani. Lile ganda analolivuta mtu kwa hasira limejaa seli zilizojitoa.

Wakati huohuo seli zilizoumia zinamwaga kemikali, prostaglandini, histamini na nyinginezo, na mishipa midogo ya damu kwenye demisi inatanuka. Damu inakuja kwa wingi, ngozi inapata joto, inavimba kidogo, inauma. Angalia saa lakini: wekundu na maumivu huanza saa 3 hadi 5 baada ya jua, hufika kileleni kati ya saa 12 na 24, kisha hupungua kwa siku 3 hivi. Ndiyo maana mpwa wangu alikula na kulala vizuri. Ukianza kusikia ngozi inawaka, madhara yalishafanyika tangu mchana.

Siku ya pili au ya tatu safu ya chini inaamka na kugawanyika kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Seli mpya zinapandishwa haraka mno, zinafika juu hazijaiva: nyingine bado zina kiini, vifungo vyake havijapata muda wa kukatwa kimoja kimoja. Juu yake limekaa tabaka zima la seli zilizokufa kwa mkupuo. Hazina namna ya kutoka moja moja kama desturi, zimeshikana. Kwa hiyo zinanyanyuka pamoja, linapasuka mahali, kingo zinajikunja, linatoka kipande kipande. Kwa kawaida ni kati ya siku ya 3 na ya 8, na linamalizika ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Kwa nini nilimkataza kuvuta? Kwa sababu kingo zinazoning'inia zimekufa, lakini ukifuata kipande kuelekea ndani, unafika mahali ambapo bado kimeshikana na ngozi mpya isiyokomaa. Ukivuta unaing'oa nayo. Ngozi ile mpya bado haijajenga ukuta wa kuzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie, na lile ganda kwa siku hizo ndilo bandeji yake. Mpwa wangu alikuwa ameshavuta bega la kushoto kabla hajanifikia. Nilipoliangalia, katikati palikuwa na doa la ukubwa wa kitufe cha shati, pekundu mbivu, linachuruzika maji ya manjano mepesi. Bega la kulia, ambalo hakuligusa, lilikuwa na magamba yamejikunja tu, na chini yake ngozi ya waridi, kavu, nzima. Mtu mmoja, siku moja, jua moja. Sikuhitaji kumhutubia zaidi.

Kipande kinachoning'inia kikikusumbua, kikate kwa mkasi msafi pale kilipoachana na ngozi. Kilichobaki kitajitoa.

Karibuni kwa maswali.

#2

Asante sana mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Nina swali. Mimi ni mweusi tii. Siku zote nimeambiwa jua ni tatizo la wazungu. Je, sisi tunaungua kweli au ni ngozi kukauka tu?

#3 – Mleta uzi

Mnaungua, mkuu, na mpwa wangu huyo si mweupe.

Melanini inatengenezwa na seli zilizoko kwenye safu ileile ya chini, na idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wa rangi zote. Tofauti ni mzigo zinaoutoa. Kwa mtu mweusi vifuko vya melanini ni vikubwa, ni vingi, na vinasambazwa vizuri ndani ya seli jirani, ambako vinajikusanya juu ya kiini kama mwavuli. Mwavuli huo ni msaada mkubwa: vipimo vilivyowahi kufanywa viliipa ngozi nyeusi kinga ya wastani inayolingana na kipimo cha kinga (SPF) cha 13 hivi cha losheni ya jua, na ngozi nyeupe kama 3. Lakini 13 si ukuta. Shinda siku nzima na utaipita.

Shida ni kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo mtu hajui kama ameungua. Dalili zake ni nyingine: ngozi inakaza kama imepungua ukubwa, inakuwa ya moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono, inauma chini ya mkanda wa begi, kisha inawasha, kisha inapauka na kutoa magamba ya kijivu. Wengi wanasema "nimepauka kwa upepo" kumbe wameungua. Na sisi tunalipa kwa namna nyingine: uvimbe ukipoa, zile seli za melanini zilizochokozwa zinaacha madoa meusi yanayokaa wiki au miezi.

#4

Shikamoo kaka. Mwanangu wa miaka 3 kaungua jana mgongoni na mabegani, leo ana malengelenge kadhaa, makubwa mawili, na tangu mchana mwili una moto na hataki kunywa. Nipasue hayo malengelenge nipake kitu, au nisubiri yabambuke yenyewe?

#5 – Mleta uzi

Marahaba dada. Usipasue, usisubiri. Mtoto mdogo mwenye malengelenge, homa na kukataa kunywa anatakiwa aonwe na daktari leo, si kesho. Mtoto anapoteza maji haraka, na ngozi iliyoungua inazidisha. Ukiwa unajiandaa, mpe maji kidogo kidogo kwa kijiko, mvalishe nguo laini inayopwaya au mfunike shuka safi, na kama una parasetamoli ya maji ya watoto mpe kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini hapana kabisa kwa mtoto. Barafu pia hapana.

Kwa wengine: lengelenge maana yake kuungua kumeshuka chini ya tabaka la juu. Mishipa imevujisha majimaji ya damu, yamejikusanya na kulinyanyua tabaka la juu kama hema. Maji yale ni masafi na paa lile ni kifuniko bora kuliko chochote nilichowahi kufungulia kwenye pakiti. Likipasuka lenyewe, osha taratibu kwa maji safi, acha ngozi yake ilalie palepale, funika kwa kitambaa kisichogandana na kidonda. Kuungua kwa malengelenge kunapona kwa wiki 1 hadi 3.

Dada, ukirudi tuambie.

#6

Mimi nikiungua napaka dawa ya meno usiku mmoja, inapoza. Kuna rafiki yangu anapaka ndimu madoa yatoke haraka.

#7 – Mleta uzi

Mkuu nashukuru kwa kuchangia, ila naomba wote tuache hivi viwili, na ndimu kuliko vyote.

Dawa ya meno inaleta ubaridi kwa sababu ya mnanaa, halafu inakauka, inakaza, inagandana na ngozi iliyoumia. Kuitoa ni kidonda kingine.

Ndimu na limau vina kemikali zinazoitwa furanokumarini. Zikikaa kwenye ngozi zinamezwa, na zikipigwa na miale ya kundi A zinaunguza seli moja kwa moja. Mtu anayepaka ndimu akatoka juani anaweza kupata malengelenge baada ya siku moja au mbili, na baadaye michirizi ya kahawia inayofuata njia ambayo maji ya ndimu yalitiririka. Nimewahi kumpokea dada mwenye alama za vidole vitano mgongoni, alidhaniwa amepigwa. Ni mkono wa mtu aliyekuwa anakamua ndimu, akamshika.

Linalosaidia ni vitu vya kawaida sana. Siku ya kwanza: toka juani, poza kwa maji ya ubaridi wa kawaida au kitambaa kibichi, dakika 10 hadi 15, rudia mara kadhaa. Jikaushe kwa kugusisha taulo, usisugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka losheni nyepesi isiyo na manukato, au ute wa shubiri. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo wala shida ya figo anaweza kumeza ibuprofeni mapema, kwa sababu inazuia zile prostaglandini; inapunguza maumivu na uvimbe, ingawa haiokoi seli iliyokwisha kuharibika. Kunywa maji mengi. Mafuta mazito ya mgando yaache siku ya kwanza, yanazuia joto kutoka. Yalete baadaye, ngozi ikishapoa na kuanza kubambuka, hapo yanafaa sana kulainisha kingo. Krimu za ganzi ziepuke, zinaleta mzio kwa baadhi ya watu. Sabuni kali, brashi ya kusugulia, spiriti: hapana.

#8

Mimi ni mtu mwenye ualbino, naomba niongeze sehemu ambazo watu wanasahau, maana kwetu hili si la siku ya kutembea baharini.

Masikio, nyuma yake hasa. Shingo kwa nyuma. Mdomo wa chini. Juu ya miguu kama unavaa kandambili. Mpasuo wa nywele. Kofia ya kapelo haifuniki masikio wala shingo, tafuta yenye ukingo mpana pande zote. Nguo nzito iliyofumwa kwa kubanana inashinda losheni: inua nguo kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita kwa wingi na miale inapita. Losheni napaka nyingi, kama mililita 30 kwa mwili mzima, dakika 20 hivi kabla ya kutoka, na narudia kila saa 2, na kila nikitoka jasho jingi. Watu wanapaka kidogo kama manukato halafu wanasema haifanyi kazi.

Na kidonda au gamba lisilopona ndani ya wiki 4, linalotoa damu kila likiguswa, usiliite jeraha la jua ukaliacha. Nimechelewa mara moja. Ilitolewa yote, nashukuru Mungu, lakini kovu lake liko hapa kwenye shavu.

#9 – Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu. Post hii ndiyo inayopaswa kubandikwa juu ya uzi. Kwa mwenye ualbino ule mwavuli juu ya kiini haupo au ni mwembamba mno, kwa hiyo kila alichokisema ni kazi ya kila siku.

#10

Swali la kizushi kidogo: kama seli mbovu zinajiua na kubambuka, si maana yake kubambuka ni usafi kamili? Ikishatoka yote hatari imekwisha, ngozi mpya tunaanza upya?

#11 – Mleta uzi

Si la kizushi, ni swali zuri kuliko yote, na laiti jibu lingekuwa ndiyo.

Kinachobambuka ni seli za juu na za kati. Ngozi mpya inatoka kwa zile za chini na za vishimo vya nywele, na hizo nazo zilikuwa kwenye mashua. Nyingi zimekarabatiwa sawasawa. Chache zimekarabatiwa vibaya, herufi imebadilishwa, nazo hazikuharibika kiasi cha kuamriwa kufa. Zimebaki, zinazaa. Mbaya zaidi ni pale jua linapokuwa limeharibu p53 yenyewe ndani ya seli: siku nyingine jua likija, jirani zake wanatii amri ya kufa, yeye hatii, na nafasi waliyoiacha anaijaza kwa watoto wake. Kundi la namna hiyo linaweza kukaa miaka mingi bila kufanya lolote. Ndiyo maana saratani ya ngozi huonekana ukubwani, kwa jua la ujanani.

Kuna jambo jingine lililoonyeshwa na watafiti mwaka 2015: kwenye seli zinazotengeneza melanini, mipindo ya DNA inaendelea kutokea kwa zaidi ya saa 3 baada ya mtu kuingia kivulini, kwa sababu melanini iliyochokozwa na miale inaendelea kupitisha ile nishati. Kwa hiyo hata weusi unaoupata baada ya jua, ambao wengine wanaufurahia, ni ishara kwamba DNA iliguswa na mwili unajihami. Haitangulii madhara, inayafuata kwa siku mbili tatu.

Na ngozi mpya inayobaki baada ya kubambuka inaungua upesi kuliko ile ya zamani. Ifunike kwa nguo wiki kadhaa.

#12

Mkuu, mimi nilikuwa natumia doksisaiklini, nikakaa juani saa moja tu nikaungua mikono yote. Kuna uhusiano?

#13 – Mleta uzi

Upo. Doksisaiklini, baadhi ya dawa za salfa, hidroklorothiazaidi ya shinikizo la damu, na dawa za chunusi za jamii ya vitamini A zinaifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua. Usiache dawa mwenyewe, mwambie aliyekuandikia, na vaa mikono mirefu mpaka uimalize.

#14

Kaka, ni mimi mama wa mtoto. Walimlaza usiku mmoja, wakamwekea maji ya mshipani, malengelenge wakayafunga bila kuyapasua. Leo kaamka anadai uji na anakimbia. Daktari kasema nirudi nikiona usaha, wekundu unaosambaa, au homa ikirudi. Mungu akubariki.

#15 – Mleta uzi

Alhamdulillahi, dada. Umenipa furaha ya wiki nzima. Hizo dalili alizokupa daktari kila mmoja aziandike. Mtu mzima naye akiwa na homa, kutapika, kizunguzungu au kuchanganyikiwa baada ya jua, aende hospitali, maana hapo si ngozi peke yake.

#16

Mpwa anaendeleaje?

#17 – Mleta uzi

Leo ni siku ya 23. Bega la kulia huwezi kujua kama liliwahi kuungua, limerudi na rangi yake. La kushoto lile doa la kitufe lilifunga siku ya 12, halikuacha kovu kwa sababu halikufika kwenye demisi, ila limebaki jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Aliniuliza litakaa muda gani, nikamwambia pengine miezi kadhaa, na kila likipigwa jua litachelewa zaidi. Jana kaenda tena kwenye mashua. Kavaa shati la mikono mirefu lenye kola, vifungo kavifunga mpaka juu.